Njahi za Binti

Haraka alikufa mwezi uliopita, baada ya kula. Gathoni alinipigia simu nikiwa Kangari, mkono wangu umezama hadi begani ndani ya ng'ombe wa watu, simu ikilia mfukoni mwa ovaroli mpaka ikakata, ikaanza tena. Nilipomaliza na kunawa nikampigia, naye akaniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia, "Daktari, Haraka ameenda. Alikula vizuri, akalala chini, basi. Mama anakuulizia." Farasi aliyefika umri ule, meno yamechakaa na mgongo umebonyea, akafa ameshiba kwenye jua, amepata bahati ambayo binadamu wengi huiomba bila kupewa. Nilijua hivyo. Hata hivyo niliegemea ua nikalia, na mwenye ng'ombe, mzee wa watu, akavua kofia yake akaniuliza polepole kama ng'ombe wake atapona. Nikamwambia ng'ombe wake ana mimba nzuri na hana ubaya wowote. Hakuniamini mpaka nilipocheka.

Kesho yake nilipanda Mweiga kumzika, na njia nzima nilikuwa nikifikiria mwaka mmoja tu wa maisha yangu. Watu huniuliza nilisomea wapi, nami huwatajia chuo, kwa kuwa ndilo jibu wanalolitaka. Chuo sikidharau. Kilinipa maneno yote ninayoyatumia hadi leo. Lakini kama ni kusema nilianzia wapi kusimama kwa miguu yangu, hata nikawa huyu mwanamke ambaye wafugaji wa Kieni humwogopa kidogo na bado humwita usiku na mchana, basi ni kwenye shamba la farasi la Mama Gathoni, kando ya barabara ya kwenda Endarasha, nilipokuwa na miaka ishirini na sita. Wazee wenzangu hupenda kusimulia ujana wao kana kwamba walikuwa wajinga hadi walipoota mvi. Mimi akili nilikuwa nayo tangu hapo. Nilichokosa ni mahali pa kuitumia.

Chumba nilichopewa kilikuwa cha mbao, kimebanwa kati ya stoo ya matandiko na banda la farasi jike aliyeitwa Binti. Kilinuka ngozi, mafuta ya kupaka hatamu na jasho la wanyama, na asubuhi ukungu wa Nyandarua uliingia kupitia nyufa za mbao ukakaa juu ya blanketi langu kama mgeni asiyejua kuaga. Nilikuwa na kitanda, ndoo, msumari wa kutundikia koti, na dirisha lenye pazia la gunia. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia Binti akitafuna, akikuna shingo kwenye nguzo, akishusha pumzi zile ndefu za farasi ambazo ukizizoea huwezi kulala bila kuzisikia. Jioni tulikula jikoni kwa Mama Gathoni, chumba chenye masizi hadi darini, mezani viazi vya Kieni vilivyopasuka ngozi, kabeji, na githeri ambayo ilikuwa haiishi, kwa sababu kila ilipokaribia kuisha aliongeza mahindi. Yeye hakuketi mpaka wote tumekula. Alisimama mlangoni, mikono imekunjwa ndani ya leso, akiwasikiliza watu wakitafuna, na kama mtu ametafuna bila hamu aliuliza ana nini.

Mama Gathoni alikuwa mjane na mtu wa ng'ombe wa maziwa. Farasi waliachwa na mumewe, aliyekuwa akiwakodisha kwa wageni waliotaka kupanda hadi ukingoni mwa msitu. Angeweza kuwauza wote wiki ya pili baada ya mazishi, na majirani walimshauri hivyo, lakini aliwaweka, akaniajiri mimi kwa mwaka mmoja niwaangalie yeye akijifunza. Aliyempenda kuliko wote ni Binti, farasi wa kijivu ambaye mumewe alimpanda hadi mwisho. Binti alikuwa na mimba. Dume aliyempanda alikuwa amekwisha kuuzwa, umri wa Binti mwenyewe ulikuwa umesonga, na kila mtu shambani alijua kwamba hiyo ndiyo mimba ya mwisho. Kama kitoto kile kingeishi, kitu fulani cha mwenye nyumba kingebaki katika nyumba hiyo. Mama Gathoni hakuyasema hayo kwa mdomo. Alikuwa akienda bandani kila asubuhi kabla ya kukamua ng'ombe, anaweka kiganja ubavuni mwa Binti na kungoja apigwe teke.

Mimba ya farasi huenda miezi kumi na moja. Binti alikuwa bado ana zaidi ya miezi miwili mbele yake nilipoona kiwele kimejaa. Mutahi, saisi wetu, mwanamume wa Endarasha aliyekamua ng'ombe tangu utotoni na kuhamishiwa kwa farasi kwa sababu ya upole wa mikono yake, alifurahi. "Huyu iko karibu," akasema. "Kiwele haidanganyi." Nikainua mkia. Manyoya ya chini yalikuwa yameshikana kwa uchafu wa rangi ya majani makavu, kidogo tu, kitu ambacho mtu angekipangusa akaendelea na kazi. Sikukipangusa. Siku iliyofuata mwalimu wangu wa zamani aliniazima mashine ya skani, ya kubeba mkononi, nikamwangalia Binti kwa ndani, na pale karibu na mlango wa kizazi nikaona kondo la nyuma limenenepa, limeachana na ukuta, na katikati yake kuna majimaji yasiyostahili kuwapo. Bakteria walikuwa wamepanda kutoka nje, wakapita mlango uliolegea kwa uzee, wakaanza kulila kondo kutoka ukingoni. Kwa hiyo maziwa yale hayakuwa dalili ya kuzaa. Mwili wa Binti ulikuwa umedanganywa na ugonjwa.

Nilimweleza Mama Gathoni jioni hiyo jikoni. Alikuwa akimenya viazi, na kisu chake kilisimama.

"Mtoe huyo mtoto," akasema.

"Bado, Mama Gathoni."

"Bado nini? Unaniambia tumbo imeoza, na unataka mtoto akae ndani yake? Si mko na sindano ya kuzalisha?"

"Iko. Nikimdunga leo atazaa, na mtoto atakufa mbele yetu tukimwangalia. Mapafu yake bado."

"Na akikaa?"

Nikavuta kigoda nikaketi karibu naye, nikachukua kiazi nami nikaanza kumenya, kwa kuwa nilikwisha kujua kwamba Mama Gathoni husikia vizuri mtu ambaye mikono yake ina kazi. Nilimwambia kwamba mtoto wa farasi hukomaa mwishoni kabisa. Mtoto wa mbuzi au wa ng'ombe huanza kujiandaa mapema kidogo, lakini wa farasi hungoja hadi siku za mwisho, ndipo tezi ndogo zilizo juu ya figo zake zinapomwaga homoni iitwayo kortisoli, ile ile inayotujaa sisi tukishtuka, na hiyo homoni ndiyo inayoyaambia mapafu yafunguke, inaliambia tumbo lijue maziwa, inaiambia miguu ijue ardhi. Ukimtoa kabla hajaimwaga, umemtoa mtu ambaye hajaambiwa kuna safari. Lakini kuna jambo moja. Ugonjwa wa kondo ukija polepole, mtoto huuhisi mle ndani. Ubongo wake hupata habari kwamba nyumba haiko salama, na tezi zake huanza kazi kabla ya wakati. Anaanza kujitengeneza mwenyewe. Kazi yetu, nikamwambia, ni kumpa Binti dawa ya kuwashika bakteria wasisonge mbele, na nyingine ya kulituliza tumbo lisimsukume, ili yule mdogo apate muda wa kumaliza.

"Amalize nini?"

"Kujitengeneza."

Aliendelea kumenya. Baadaye akasema, "Wewe umeona hii kitu na macho yako?"

"Nimefundishwa. Kuona, bado."

"Na akifia humo ndani?"

"Basi nitakuwa nimekosea, na utanifukuza."

"Nitakufukuza kweli."

"Najua."

"Sawa," akasema, akasukuma sahani kwangu. "Kula kwanza. Umemenya viazi vyangu nusu ikaenda na maganda."

Nimewahi kuulizwa kama niliogopa. Sikuogopa, na bado nasema sikuwa na sababu ya kuogopa. Nilikuwa nimefikiri hadi mwisho wa fikira, na mtu akifika mwisho wa fikira hupata usingizi. Aliyeogopa ni yeye, na mimi kwa wiki nzima nilidhani anaogopa kupoteza farasi. Nililijua la kweli kupitia ukuta wa mbao. Asubuhi moja, kabla ya ng'ombe kukamuliwa, nilikuwa nimekaa kitandani nikivaa buti niliposikia akizungumza na Binti kwa Kikuyu, taratibu, kama mtu anayesuka nywele za mwenzake. Alimwambia kwamba hata yeye tumbo lake liliwahi kuugua. Alikuwa na homa na maji ya uchafu, na aliendelea kulima kwa sababu ilikuwa msimu. Gathoni akatoka miezi saba. Wanawake wa ukoo wa mumewe, ambao mtoto akizaliwa huja na kuni na njahi, yale maharagwe meusi, wamlishe mzazi apate maziwa, hawakuja. Walingoja waone kama kile kitu kitakufa. Walisema ametupa mimba, kama mbuzi anavyotupa. "Nilijipikia uji mwenyewe," akamwambia Binti. "Hakuna mtu aliniletea hata njahi moja. Na mimi nikafikiri ni kweli, nimemtupa." Gathoni wakati huo alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, msichana mrefu anayekimbia mbio za masafa marefu. Nilibaki nimeshika kamba ya buti. Nilihisi uchungu mkali kwa ajili ya yule mama, na hasira kwa wale wanawake, na hasira hiyo ninayo hadi sasa.

Basi tukaendelea. Dawa ya bakteria niliikoroga na molasi, Binti akailamba huku akiniangalia kwa dharau. Ile ya kutuliza tumbo ilikuwa kama mafuta, nayo niliimimina mdomoni mwake nikiwa nimevaa glavu, kwa sababu ikigusa ngozi ya mwanamke humvuruga siku zake. Mutahi alifurahishwa sana na habari hiyo. "Kwa hivyo sisi wanaume tuko na kazi moja tunaweza," akasema, akaichukua kazi hiyo, akaifanya vizuri. Niliagiza kila mtu: kiwele kisiguswe. Nilisema hivyo mbele ya Mutahi, mbele ya Mama Gathoni na mbele ya watu wa ng'ombe, kwa sauti kubwa. Maziwa ya kwanza ya farasi, yale mazito tunayoyaita dang'a, ndiyo chanjo ya mtoto. Mtoto wa farasi huzaliwa bila kinga hata kidogo, na asipoyanywa saa zake za mwanzo, mdudu yeyote wa banda anamuua. Na yakishatoka, hayatengenezwi tena.

Paka ndiye aliyetusema. Alikuwa paka wa stoo, mwekundu, mbavu nje, mwindaji hodari wa panya kwa sababu ya njaa. Nikaona ananenepa. Nikaona manyoya yake yanang'aa. Kisha asubuhi moja nikamwona amekaa mbele ya mlango wa Binti, mkia umezungushwa miguuni, na uso wa mtu anayengoja chai yake ya kila siku. Nikaingia bandani, nikapiga magoti, nikaminya chuchu moja. Kilichotoka kilikuwa chepesi, cheupe, maziwa ya mchuuzi aliyeongeza maji.

Mutahi hakukana. "Ilikuwa inauma yeye," akasema. "Kiwele ilikuwa ngumu kama mawe. Kwetu mtamba ikijaa mapema unakamua kidogo, asubuhi, ipate kupumua. Hata mtoto wa Endarasha anajua hiyo."

"Si nilisema isiguswe?"

"Ulisema watu wasiguse." Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi nilifikiri ni hao wengine. Mimi ni wake."

Ningemrushia ndoo. Kwa kweli niliishika. Lakini alikuwa amesimama pale na mikono yake mikubwa, na Binti alikuwa ameegemeza kidevu begani mwake, na nilielewa kwamba amefanya kile ambacho mtu mwema wa nchi ya maziwa lazima akifanye. Ng'ombe huko kwetu ndiye kipimo cha wanyama wote. Nikaiweka ndoo chini, nikamweleza upya, na safari hii nikaanza na ng'ombe, kisha nikaja kwa farasi. Alipoelewa, alikaa juu ya marobota ya nyasi akafunika uso. Mama Gathoni alipoambiwa hakupiga kelele. Alisema tu, "Kwa hivyo hata akiishi, atakufa," akaingia ndani, na siku hiyo kwa mara ya kwanza hakuna mtu aliyeulizwa kama amekula.

Nilikwenda Nanyuki kwa Hajj Noor. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, ngamia, punda na farasi, mtu mpole mwenye ndevu zilizopakwa hina, na ndiye aliyemuuza yule dume wa zamani aliyempanda Binti. Nilimkuta nyumbani, chumba cha mazulia na mito, na mkewe akatuletea anjera na chai nzito yenye iliki. Nilikula nikiwa nimesimama kwa haraka zangu, mama yule akanishika mkono akaniketisha. Hajj alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Maziwa ya kwanza ni haki ya mtoto, Daktari. Siwezi kuchukua ya mmoja nikampa mwingine." Nikasema sawa, nikaanza kuinuka. "Kaa," akasema. "Sijamaliza. Niko na jike anazaa wiki hii, na huyo maziwa yake ni mengi, mwaka jana yalimwagika chini. Mtoto wangu akishiba, inayobaki ni yako. Ndugu yangu iko na friza kwa bucha. Tutaweka." Ndivyo chanjo ya mtoto wa Binti ilivyokaa kwenye chupa za soda, katikati ya mapaja ya mbuzi, katika bucha moja ya Nanyuki, ikingoja.

Binti alizaa asubuhi, jua limetoka, mwezi mzima na zaidi kabla ya wakati wake. Hakuhangaika sana. Alilala chini, akasukuma, na kitoto kikatoka kikiwa kimefungwa ndani ya utando wake, kidogo, paji la uso limejitokeza, masikio yamelegea, manyoya laini kama hariri. Zote hizo ni dalili mbaya. Nilipasua utando, nikasafisha pua, nikaweka mkono kifuani. Kilipumua. Kikapumua tena, bila kukoroma, kifua kikipanda na kushuka sawasawa. Nilitoka mbio hadi kwenye jiwe lililokuwa kando ya tangi la maji, mahali pekee shambani palipokuwa na mtandao, nikampigia Hajj. "Niko njiani," akasema, kana kwamba alikuwa amekaa garini usiku kucha. Niliporudi, Mama Gathoni alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo umenyooka, hatazami pembeni. Kondo lilikuwa limetoka. Nililitandaza chini ili nione: upande mmoja lilikuwa zuri, jekundu, laini, na upande wa mlango wa kizazi lilikuwa limeiva vibaya, kahawia, nene kama ngozi ya kiatu. Mtoto yule alikuwa ameishi wiki zote hizo ndani ya nyumba inayoungua upande mmoja.

Kisha akaanza kutafuta miguu yake. Wale wanaowajua farasi wanajua kazi hiyo. Alinyoosha ya mbele, akaanguka. Alinyanyua ya nyuma, akaanguka kwa pua. Mutahi alipiga hatua, nikamshika shati. "Wacha," nikasema. Aliinuka nusu, akatikisika, akakaa kama mbwa, akatutazama sote kwa zamu. Hajj Noor aliingia bandani na chupa zake zimefungwa kwenye gazeti na blanketi, akasimama kando. Na yule mdogo akasimama. Miguu minne imepanuka kila upande, magoti yakigongana, lakini amesimama, na masikio yale yaliyolegea moja likainuka.

Mama Gathoni alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hakutupwa. Amekuja mwenyewe." Halafu akalia kwa nguvu, mabega yakitikisika, mikono imefunika mdomo. Mimi na Mutahi tuliangalia pengine, kwa sababu hatukujua tufanye nini. Hajj alinyoosha chupa kwangu akasema ile ya kwanza ameshaiyeyusha kwa maji ya vuguvugu, mke wake amemwambia asitumie moto. Nikamnywesha mtoto polepole kwa chupa yenye chuchu, na akanyonya kwa nguvu iliyonifanya nicheke. "Mwiteni Haraka," Hajj akasema. "Na baraka iko, hata kama wahenga walikataa."

Jioni hiyo Mama Gathoni aliteleka njahi. Alizichagua moja moja kwenye ungo, akazitoa mawe, akazipika na ndizi mbivu kidogo kama zinavyopikiwa mwanamke aliyezaa, na chungu kilipoiva hakututilia sisi kwanza. Alichota bakuli, akalipeleka bandani, akalishika mbele ya pua ya Binti. Nilitaka kumwambia farasi si wa kulishwa maharagwe. Nikahesabu kwamba vijiko viwili havina madhara. Binti alinusa, akalamba kidogo kwa heshima, akageuza shingo. Zilizobaki tulikula sisi, Mutahi akala mara tatu, na Hajj alifungiwa zake akampelekee mkewe.

Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, na mara moja mchungaji wetu aliisikia akataka kuihubiri, kwamba shida ndiyo hutukomaza. Nilimkataza. Nilimwambia kwa kila Haraka mmoja nimevuta nje watoto wengi wa farasi na wa ng'ombe waliokufa, ambao shida yao ilikuja kwa ghafla au hakuna aliyeiona, na tezi zao hazikupata nafasi ya kufanya lolote. Shida huua. Ikichelewa kuua, na pakawapo mtu wa kuishika mkono, aliye ndani anaweza kufanya kazi kubwa ambayo hakuna daktari anayeweza kumfanyia. Hilo ndilo nililoliona kwa macho yangu mwaka ule, na nimelifanyia kazi maisha yangu yote. Mchungaji alisema ni refu mno kwa mahubiri.

Tulimzika Haraka nyuma ya banda la zamani, shimo limechimbwa na trekta ya jirani. Mutahi alikuja na mkongojo, akatupa kiganja cha shayiri juu ya udongo. Gathoni, ambaye sasa ndiye mwenye shamba, mwanamke mrefu mwenye mvi mbili tatu, alinishika mkono tukarudi polepole jikoni. Akaniambia jambo nisilolijua. Jumapili iliyofuata baada ya Haraka kuzaliwa ilikuwa siku ya wazazi shuleni kwao. Wasichana wengine waliletewa chapati na kuku. Mama yake alishuka garini na sufuria imefungwa kwa leso, akaketi naye kwenye nyasi mbele ya watu wote, akafungua: njahi. "Niliona aibu, Daktari. Nilimuuliza, kwani nimezaa? Akaniambia nile kwanza. Halafu ndio akaniambia vile nilizaliwa. Hakuwa ameniambia hata siku moja. Akasema, 'Nilifikiri nilikutupa. Kumbe ulikuja mwenyewe.' Nilikula sufuria yote."

Mama Gathoni alikuwa kwenye kiti karibu na moto, amefunikwa blanketi. Siku hizi mambo humtoka. Alikuwa dirishani tulipokuwa tukifukia shimo, na sidhani alijua ni la nani. Lakini mimi alinijua. Alinivuta karibu, akanipangusa udongo kwenye mkono wa koti, akaniangalia kwa macho yale ya mtu anayesikiliza wengine wakitafuna.

"Daktari," akasema. "Huyo mtoto wa Binti. Alisimama?"

Gathoni aligeuka akashika sinki. Nikavuta kigoda, nikaketi mahali pangu pa zamani.

"Alisimama, Mama Gathoni."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe kabisa."

"Basi weka njahi kwa moto," akasema.